Je, Wajua? Ya Gerezani Ambayo Aliye Nje Hayaoni

Kushinda kesi na kubaki ndani

Je, wajua kwamba Uingereza ya karne ya 18 mtu aliweza kushinda kesi mahakamani, kisha akarudishwa jela siku hiyohiyo? Walinzi wa jela za wakati ule hawakuwa na mshahara. Walikula kwa ada walizowatoza wafungwa: ada ya kuingia, ada ya kulegezewa minyororo, ada ya mahali pa kulala, na mwishoni ada ya kutoka. Aliyekosa ada ya kutoka alibaki palepale, hata kama mahakama imemwona hana hatia.

Mwaka 1773 John Howard aliteuliwa kuwa sherifu wa wilaya ya Bedfordshire. Kilikuwa cheo cha heshima, na wengi waliokishika hawakuwahi kutia mguu jela. Howard aliingia mwenyewe, akaona watu wasio na hatia wakioza kwa deni la ada. Akawaomba wakuu wa wilaya wamlipe mlinzi mshahara ili mchezo huo ukome. Wakamjibu kwamba atafute kwanza wilaya nyingine yenye utaratibu huo, ndipo wao wafuate. Akapanda farasi, akazunguka wilaya baada ya wilaya. Mfano hakuupata, lakini alikuta dhuluma ileile kila alikofika. Mwaka 1774 alitoa ushahidi bungeni, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwaachia bila ada walioonekana hawana hatia. Kitabu chake kuhusu hali ya magereza kilitoka mwaka 1777.

Howard alisimulia kwamba harufu ya jela ilimganda kwenye nguo kiasi kwamba hakuweza kusafiri ndani ya gari la farasi lililofungwa madirisha. Hata daftari alilokuwa akiandikia ilibidi alianike mbele ya moto kabla ya kulitumia tena. Na kwa nini yeye, tajiri mwenye shamba lake, ajitie katika uvundo huo? Mwaka 1756 meli aliyokuwa akisafiria ilitekwa na Wafaransa, akatupwa katika jela ya Brest, akalala juu ya majani makavu. Aliijua njaa ya mfungwa kabla hajaijua sheria yake.

Homa isiyojua ukuta

Kuna anayesema kwamba ya wafungwa ni ya wafungwa wenyewe. Aisome habari ya Mahakama ya Old Bailey, London, mwaka 1750. Wafungwa waliletwa kutoka jela ya Newgate wakiwa na chawa, na chawa wale walikuwa na homa ya tifasi, ambayo watu wa enzi hizo waliiita homa ya jela. Homa iliwashika waliokuwa wamejaa mahakamani. Walikufa watu wapatao 60, na miongoni mwao alikuwamo Meya wa London pamoja na majaji. Howard mwenyewe alikufa mwaka 1790 huko Kherson, akiwa bado safarini kukagua hospitali na magereza.

Leo ugonjwa unaoogopwa zaidi katika magereza yetu ni kifua kikuu, kwa sababu unapendelea chumba chenye watu wengi na dirisha dogo. Askari magereza hulala nyumbani kwake, wageni huja na kuondoka, mahabusu huachiwa kwa dhamana. Kila mmoja wao huvuta hewa ileile. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka mfungwa apate matibabu ya kiwango kilekile anachopata raia wa nje.

Adhabu changa

Wengi hudhani gereza lilikuwapo tangu dunia iumbwe. Yusuf alifungwa Misri, na Mtume Paulo aliandika baadhi ya nyaraka zake akiwa kifungoni. Lakini kwa karne nyingi jela ilikuwa mahali pa kungojea: kungojea hukumu, kungojea kunyongwa, kungojea ndugu walipe deni. Wazo la kumhesabia mtu miaka na kuifanya miaka hiyo yenyewe kuwa adhabu lilishika nguvu Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 18.

Kwetu lilikuja na wakoloni. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki aliyekosa alilipa fidia, mara nyingi kwa mifugo, na ukoo wake ulibeba mzigo pamoja naye. Aliyeshindikana alifukuzwa. Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, ndugu wa aliyeuawa wangeweza kukubali diya na kusamehe kisasi. Serikali ya kikoloni ilipokuja haikuwa na majengo ya kufungia watu wengi, ikachukua ngome. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ilikuwa gereza kutoka 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilifungia watu hadi mwaka 1984. Watalii wanaopiga picha humo leo wanatembea juu ya sakafu waliyolala babu za watu walio hai.

Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, kina habari ya ajabu zaidi. Watalii wanakiita Kisiwa cha Gereza. Jengo lake lilijengwa kama gereza miaka ya 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri mkuu Mwingereza wa serikali ya Sultani, lakini halikuwahi kufungia wafungwa. Liligeuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Wakazi wa kudumu wa kisiwa hicho ni kobe wakubwa, ambao asili yao ni Ushelisheli.

Nia njema iliyovunja watu akili

Mwaka 1829 lilifunguliwa mjini Philadelphia gereza la Eastern State. Waliolipigania walikuwa watu wa dini, wengi wao Wakweka, waliochoshwa na viboko na kitanzi. Waliamini kwamba mkosaji akiachwa peke yake na Biblia yake, dhamiri itamsemesha, atatubu. Basi kila mfungwa akapewa chumba chake, ua wake mdogo, tundu darini la kuingiza mwanga, hata choo cha maji, kitu ambacho matajiri wengi wa wakati huo hawakuwa nacho. Akitolewa nje ya chumba alivikwa kofia ya kufunika uso ili asione mtu wala asionekane.

Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842. Alitoka akiwa ameshtuka, akaandika kwamba kuichezea akili ya binadamu polepole, siku baada ya siku, ni kubaya kuliko mateso yoyote ya mwili, kwa kuwa jeraha lake halionekani na kilio chake hakisikiki. Wakuu wa gereza walikasirika. Mfumo huo ulikufa rasmi humo mwaka 1913 tu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna shahidi wetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu alichokiita Kenya: Twendapi? Alikaa ndani miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa ametengwa peke yake. Mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi kama hizo alipozuiliwa katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Tunavisoma vitabu hivyo shuleni na vyuoni kwa fahari. Tukumbuke pia kwamba si kila aliyefungiwa peke yake alikuwa na ushairi wa kumshikilia.

Siku moja ya uhuru kisiwani Norfolk

Habari hii naipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Katika bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia, kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Norfolk. Waingereza walikifanya jehanamu. Wafungwa waliohamishiwa Australia wakikosa tena huko, ndiko walikopelekwa, na jina la kisiwa lilitosha kumtetemesha mtu. Mijeledi na minyororo ilikuwa mambo ya kila siku.

Machi 1840 alifika mkuu mpya, Alexander Maconochie, afisa wa jeshi la majini na profesa wa kwanza wa jiografia wa University College London. Yeye pia aliwahi kuwa mfungwa: Wafaransa walimteka vitani, wakamshikilia kutoka 1811 hadi 1814. Alikuja na fikra moja ambayo wakubwa wake waliiona wazimu. Alisema kazi ya adhabu ni kumrejesha mtu akiwa anafaa kuishi na wenzake. Aliuondoa mti wa kunyongea, akaruhusu bustani, vitabu na ala za muziki, akawaruhusu wafungwa kuweka mawe juu ya makaburi ya wenzao.

Kisha ikaja sikukuu ya kuzaliwa ya Malkia Victoria, iliyoadhimishwa tarehe 25 Mei 1840. Maconochie alifungua malango. Wafungwa wote wa kisiwa waliachwa watembee watakako, waogelee, wale chakula kizuri. Walipewa hata kikombe cha kumtakia Malkia afya, wakacheza maigizo, na usiku zikawashwa fataki. Askari wachache walikuwa wanatetemeka. Tarumbeta ilipopigwa, kila mtu alirudi mahali pake. Hakuna aliyejeruhiwa, hakuna aliyetoroka.

Wakubwa wake wa Sydney na London walighadhibika. Lakini Maconochie alikuwa na jambo kubwa kuliko sherehe. Badala ya kumpa mtu miaka, alitaka ampe deni la alama. Kwa kazi na mwenendo mwema mfungwa alikusanya alama, kwa uvivu na ukorofi alizipoteza, na siku alipozitimiza alikuwa amejinunulia uhuru wake. Ufunguo aliuweka mkononi mwa mfungwa mwenyewe.

Waliomwita wazimu walimwondoa mwaka 1844. Ukali ukarudi. Mwaka 1846 wakuu wapya waliwanyang'anya wafungwa vyungu na masufuria yao ya kupikia, na Julai mwaka huo ukazuka uasi uliowaua watumishi wanne. Wafungwa 12 walinyongwa kwa ajili yake tarehe 13 Oktoba. Watu wa kisiwa kilekile walirudi wenyewe walipofunguliwa lango, na waliua walipoporwa sufuria. Anayesema wafungwa ni wanyama atueleze tofauti hiyo.

Fikra ya alama ilifufuka Ireland miaka ya 1850 chini ya Walter Crofton, ikasambaa duniani kwa jina la parole. Tanzania ilitunga Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994. Kila mfungwa wa Ukonga, Isanga au Butimba anayetoka kabla ya muda wake chini ya sheria hiyo ana urithi wa kile kisiwa.

Viboko vya kuingilia na vya kutokea

Vijana wengi hawajui kwamba Tanganyika huru ilipitisha mwaka 1963 Sheria ya Adhabu za Chini, iliyowalenga wala rushwa, wezi wa mali ya umma, wezi wa mifugo na kadhalika. Kifungo chake hakikupungua miaka miwili, na juu yake viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani, 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere alikumbusha jambo hilo katika hotuba yake ya Mei Mosi Mbeya mwaka 1995, akaeleza kwamba vile vya kutokea vilikuwa vya mtu akamwonyeshe mkewe. Umati ulicheka na kushangilia, na hasira yake dhidi ya rushwa ilikuwa ya haki.

Pamoja na heshima yote kwa Mwalimu, naona viboko vya kutokea vilikosea. Mtu amemaliza deni lake, amefikia mlango wa kurudi kwa watoto wake, na dola inamuaga kwa kumvunjia utu. Anatoka amejifunza nini? Adhabu ya viboko katika sheria hiyo iliondolewa mwaka 1972, ikarudishwa mwaka 1989. Kenya ilifuta adhabu ya viboko mahakamani kwa sheria ya mwaka 2003.

Kaptura za Robben Island

Nelson Mandela alipofika Robben Island mwaka 1964, ubaguzi ulimfuata hadi kwenye sahani. Wafungwa Wahindi na machotara walipewa mkate, Waafrika hawakupewa. Wenzao walivaa suruali ndefu, Waafrika walivaa kaptura, kwa kuwa mbele ya makaburu Mwafrika wa umri wowote alikuwa mtoto wa kutumwa. Aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi sita. Alivunja mawe ya chokaa kwa miaka, na mng'ao wake ulimharibia macho. Kati ya miaka yake 27 ya kifungo, 18 ilipita hapo.

Wafungwa wa kisiwa hicho walipigania hata haki ya kucheza mpira. Walipoipata walianzisha chama chao cha soka, Makana, wakawa na ligi, waamuzi, na mashauri ya nidhamu yaliyoandikwa kwa kufuata kanuni za FIFA. Watu waliokuwa wakiambiwa hawawezi kujitawala walikuwa wakiendesha ligi ndani ya jela.

Kwa heshima ya Mandela, Umoja wa Mataifa ulizipa jina lake kanuni za jinsi ya kuwatunza wafungwa. Kanuni za awali zilipitishwa Geneva mwaka 1955. Zilisahihishwa na kupitishwa upya na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015, zikiwa kanuni 122. Ziko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Maji ya kunywa yapatikane kila mfungwa anapoyahitaji. Apate angalau saa moja ya kunyoosha viungo nje kila siku. Kumpunguzia chakula au maji kama adhabu ni marufuku, na chumba cha giza ni marufuku. Kumtenga mtu peke yake kwa saa 22 au zaidi kwa siku kusizidi siku 15 mfululizo.

Kiini kiko katika kanuni ya 3 na ya 4. Ya 3 inasema kwamba kumtenga mtu na dunia ni mateso tayari, kwa sababu umemnyang'anya uhuru wake. Kwa hiyo gereza lisiongeze mateso juu ya hayo. Ya 4 inasema shabaha ya kifungo ni kuilinda jamii na uhalifu na kuwafanya watu wasirudie makosa, na kwamba shabaha hiyo itafikiwa tu ikiwa muda wa ndani umetumika kumwandaa mtu kurudi, ili akitoka aishi kwa kufuata sheria na kwa jasho lake. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Hakimu akishasema miaka mitano, adhabu ni miaka mitano. Kunguni, uji usio na chumvi, matusi na makofi havikuandikwa kwenye hukumu.

Afrika haikungoja masahihisho hayo ya 2015. Septemba 1996 wajumbe kutoka nchi 47, 40 kati yake za Afrika, walikutana Kampala wakatoa azimio kuhusu hali za magereza barani. Walikiri msongamano, wakataka wafungwa wabaki na haki zote ambazo kifungo chenyewe hakijaziondoa. Azimio hilo halisomwi inavyostahili.

Anayekudai ndiye anayekulisha

Hili huwashangaza hata wafanyabiashara wazoefu. Nchini Tanzania, mtu aliyeshindwa kesi ya madai na akagoma kulipa anaweza kupelekwa gerezani kama mfungwa wa madai, kwa muda usiozidi miezi sita. Lakini posho yake ya chakula analipa aliyemshtaki. Mdai akiacha kulipa posho, mdaiwa anaachiwa. Na kutoka kwake hakufuti deni.

Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza kupitia sheria zao za India. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Tofauti iko kati ya asiye na uwezo na aliye nao akakataa, na hapo hakimu anapaswa kuchunguza kwa makini sana.

Mwanamke wa Luzira

Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kumuua mwenzi wake. Wakati huo hakimu hakuwa na hiari: kosa la mauaji lilikuwa na adhabu moja, kitanzi. Hata kama mmoja aliua kwa kupanga miaka miwili na mwingine katika ugomvi wa dakika mbili, hukumu ilifanana. Yeye na wenzake 417 walioishi chini ya hukumu hiyo waliishtaki serikali. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inapingana na katiba, na kwamba kumweka mtu zaidi ya miaka mitatu akisubiri kunyongwa ni ukatili. Mamia ya watu waliondolewa kwenye mstari wa kitanzi kwa kesi yenye jina lake.

Ndani ya gereza la Luzira alifundisha wenzake kusoma, kisha yeye mwenyewe akasomea sheria kwa njia ya posta kupitia Chuo Kikuu cha London. Kesi yake ilipitiwa upya, akapewa miaka 20, na Januari 2016 akatoka. Kenya ilifuata njia hiyohiyo Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwaka 2019 kwamba adhabu ya kifo ya lazima ya Tanzania inavunja haki ya kuishi. Tanzania haijamnyonga mtu tangu miaka ya 1990, lakini hukumu hizo bado zinatolewa.

Howard, Maconochie, Mandela, Kigula: wote walilala ndani. Nadhani hilo si bahati tu.

Mtoto asiye na kosa

Sheria ya Kenya inamruhusu mama mfungwa kukaa na mtoto wake gerezani hadi mtoto atimize miaka minne. Kwa hiyo kuna watu wazima wanaotembea Nairobi leo ambao hatua yao ya kwanza waliipiga katika gereza la wanawake la Lang'ata. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zilizotungwa kwa ajili ya wanawake wafungwa, zinasema mtoto wa namna hiyo kamwe asitendewe kama mfungwa. Ni rahisi kuandika na ni vigumu kutekeleza penye uhaba wa maziwa. Njia nyepesi zaidi ni kutompeleka mama ndani pale kosa lake lina adhabu mbadala.

Adhabu mbadala zipo. Zimbabwe ilianza miaka ya 1990 kuwapangia wakosaji wadogo kazi za jamii bila malipo: kufagia hospitali, kupaka rangi madarasa. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1998, Tanzania mwaka 2002, na zote zinahusu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka mitatu. Aliyeiba kuku hulala kwake, shamba lake halifi, na kijiji kinapata darasa lililopakwa rangi. Sioni sababu ya njia hii kutumika kwa kusitasita.

Rwanda baada ya 1994

Baada ya mauaji ya kimbari Rwanda ilikuwa na zaidi ya watu 120,000 ndani, katika magereza yaliyojengwa kwa wachache mno. Watu walisimama kwa zamu ili wengine walale. Kwa mwendo wa mahakama za kawaida, kesi zingechukua zaidi ya miaka mia. Serikali ikafufua gacaca, baraza la kukaa nyasini, ambalo hadi lilipofungwa Juni 2012 lilikuwa limesikiliza kesi karibu milioni 1.9. Aliyekiri na kuomba msamaha aliweza kutumikia nusu ya adhabu nje, katika kazi za taifa: kujenga nyumba za manusura, kuchimba matuta, kutengeneza barabara.

Gacaca ilikuwa na kasoro nzito. Washtakiwa hawakuwa na mawakili, na wapo waliosingiziwa. Lakini hakuna taifa jingine lililojaribu kuwarudisha watu wengi hivyo, wa kosa kubwa hivyo, kwenye vilima vilevile wanakoishi waliowakosea.

Na msongamano ule ulizaa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali walijenga matangi ya kugeuza kinyesi cha wafungwa kuwa gesi ya kupikia. Kuni zilipungua, mito iliyokuwa ikichafuliwa ikapumua, na mwaka 2005 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ashden.

Kwingineko, kwa ufupi

Norway, kifungo kirefu zaidi kwa karibu makosa yote ni miaka 21, na askari magereza husomea kazi yake miaka miwili. Gereza la Halden, lililofunguliwa mwaka 2010, halina nondo madirishani. Kisiwani Bastøy wafungwa hufanya kazi hata kwenye kivuko kinachokwenda bara. Msomaji atasema hao ni matajiri. Sawa. Tuitazame Brazil, ambako magereza mengi yanatisha: humo tangu mwaka 1972 kuna nyumba za APAC, ambako funguo wanashika wafungwa wenyewe. Na tangu mwaka 2012, katika magereza ya shirikisho ya Brazil, mfungwa akisoma kitabu na kuandika muhtasari wake anapunguziwa siku nne, hadi vitabu 12 kwa mwaka.

Kenya, mwaka 2003, Moody Awori alipokuwa waziri wa mambo ya ndani alifungua milango ya magereza kwa waandishi wa habari, akaleta magodoro na televisheni. Tarehe 4 Agosti 2010 wafungwa wa Kenya walipiga kura ya maoni ya katiba baada ya kushinda kesi, na ibara ya 51 ya katiba hiyo inalinda haki za aliye kizuizini.

Siku ya kutoka

Duniani kuna zaidi ya watu milioni 11 walio ndani, na takriban theluthi moja bado hawajahukumiwa. Kwa Tanzania, mahabusu kwa miaka mingi wamekaribia nusu ya wote waliomo. Hao sheria inawahesabu hawana hatia, na bado wengi hulala wamebanana kuliko wafungwa. Kwao lile swali la shabaha ya kifungo halina hata pa kushika, kwa kuwa hakuna aliyewahukumu kifungo.

Karibu wote watatoka. Wapo wanaotoka kwa msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli alitangaza msamaha uliowagusa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 walitakiwa kutoka siku hiyo, na waliosalia wakapunguziwa muda. Wapo wanaotoka kwa punguzo la theluthi moja ya kifungo kwa mwenendo mwema. Wengine hutoka wamejifunza ushonaji au useremala, au kazi ya ngozi katika kiwanda cha viatu cha Karanga, Moshi.

Kanuni ya 90 ya Mandela inasema wajibu wa jamii hauishi mtu anapoachiwa. Ya 108 inataja vitu kwa majina: apewe vitambulisho na karatasi zake, apate mahali pa kukaa na kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa na majira, na nauli ya kumfikisha kwao pamoja na cha kumtunza siku za mwanzo. Mfungwa wa Kigoma anayeachiwa Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake. Nauli hiyo ni pungufu mno ya gharama ya kumlisha mwaka mwingine, na inapaswa kuwekwa kwenye bajeti kabla ya rangi ya ukuta.